Uliza Mama Utumishi: Tumeambiwa Turudi Ofisini

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja. Serikali ziliwapeleka watumishi wake nyumbani wakati wa UVIKO-19, watu wakazoea, sasa wanaitwa warudi. Wapo waliokasirika, wapo wanaoshangilia chinichini, na wapo wakubwa wasiojua watawakalisha wapi hao wanaowaita. Mlionitumia matusi ya mabosi wenu nimewasoma, nimecheka kidogo, nimeyaweka kando. Mimi ni afisa utumishi mstaafu, na ugonjwa wa majalada haujaniacha, kwa hiyo msishangae nikimjibu kila mtu kwa kumuuliza karatasi yake inasemaje.

*Shikamoo Mama. Niko Marekani, nimeajiriwa na idara moja ya serikali kuu. Tangu siku ya kwanza niliambiwa kazi yangu ni ya nyumbani kabisa, na barua ya ajira inasema hivyo. Baada ya agizo la rais la Januari 2025, mkuu wangu alinipigia simu kwamba nitatakiwa kuripoti kwenye jengo lililo mji mwingine. Wenzangu waliokuwa wakienda ofisini siku mbili kwa wiki wamesharudi bila maneno. Mimi ndiye nimebaki nikining'inia. Naonewa? — Wa Nyumbani*

Marahaba mwanangu. Kutofautiana na wenzako siyo kuonewa. Kwenye karatasi mlikuwa watu wa aina mbili tangu mwanzo, ila nani angejali wakati nyote mnaonekana kwenye skrini ileile?

Wenzako walikuwa na ruhusa ya kufanya kazi nyumbani baadhi ya siku. Kituo chao cha kazi kilibaki ofisini muda wote, na kanuni za huko ziliwataka wafike pale walau mara mbili katika kila kipindi cha malipo cha wiki mbili ili waendelee kuhesabiwa kuwa watu wa pale. Ruhusa ikifutwa, wanarudi walikotoka. Wewe kituo chako ni nyumba unayoishi. Chukua ile fomu yenu ya SF-50, inayoandika kumbukumbu ya ajira yako, tazama sehemu ya chini penye kituo cha kazi. Kama barua yako inasema kweli, utakuta mji wako, siyo mji wa jengo la idara. Kukuambia "rudi" ni kukupeleka mahali ambapo hujawahi kuwapo. Kiutumishi huko ni kubadilishiwa kituo, na mtu habadilishiwi kituo kwa simu.

Waraka wenyewe hebu usome, ni mfupi mno. Ulitolewa tarehe 20 Januari 2025, siku Donald Trump alipoapishwa. Unawaagiza wakuu wa idara zote wakomeshe mipango ya kufanyia kazi mbali na ofisi na wawarudishe watumishi kwenye vituo vyao kwa muda wote, haraka kadiri inavyowezekana. Humo humo wakuu wameruhusiwa kutoa misamaha wanayoona ni ya lazima, na imesemwa utekelezaji ufuate sheria zilizopo. Mkuu wako amesoma nusu ya kwanza. Wiki moja baadaye yakaja maelekezo ya nyongeza yanayokuhusu wewe hasa: mtumishi ambaye kituo chake kiko zaidi ya maili 50, yaani kilomita 80 hivi, kutoka ofisi yoyote ya idara yake, idara ichukue hatua za kukihamishia kwenye ofisi inayofaa kulingana na kazi anayofanya. Kwa hiyo nguvu ya kukuhamisha wanayo. Lakini ofisi inayofaa kwa kazi yako ndiyo ipi, na nani ameamua? Hapo ndipo pa kuuliza.

Kuna na hela. Watumishi wengi wa serikali kuu huko wana kipande cha mshahara kinachofuata eneo la kituo. Kituo kikihama, kipande hicho kinapanda au kinashuka, na wengi hawajui mpaka waone hati ya mshahara. Gharama za kuhama nazo ni tofauti na nauli. Nauli ya kila siku ya kutoka kwako hadi kituoni kwako ni juu yako, hiyo usipoteze muda kuipigania. Lakini serikali inapokuhamisha kwa manufaa yake kwenda mji mwingine, kuna kanuni za malipo, na kuna kanuni za nini kinatokea kwa mtu asiyeweza kuhama. Zote hizo haziamki mpaka pawe na barua.

Basi iamshe barua. Leo, siyo wiki ijayo, mwandikie mkuu wako: "Nimepokea maelezo yako kwa simu ya tarehe fulani kwamba nitahamishiwa kituo fulani. Naomba uthibitisho wa maandishi wa kituo kipya, tarehe ya kuripoti, kiwango cha mshahara wa eneo na utaratibu wa gharama za kuhama." Usiweke hasira humo ndani, wala historia ya jinsi ulivyofanya kazi kwa bidii. Ukishatuma, hifadhi nakala mahali ambapo ni pako mwenyewe. Na usikimbilie kujiuzulu kwa sababu jirani amejiuzulu. Wapo watu wapatao 75,000 walioukubali ule mpango wa barua pepe ya Januari 28, 2025 wa kuacha kazi huku wakilipwa hadi mwisho wa Septemba. Wapo waliokuwa wamepiga hesabu ya pensheni yao, na wapo walioondoka kwa hasira tu.

*Mama, swali fupi. Naweza kukataa tu? — Sirudi*

Unaweza. Utaitwa mtoro kazini, na kesi ya utoro ni nyepesi kuliko zote kwa mwajiri, maana ushahidi wake ni daftari la mahudhurio lisilo na saini yako. Nimeshika mafaili ya watu waliokuwa na hoja nzuri kabisa kuhusu agizo lenyewe, wakafukuzwa kwa utoro, na hoja yao hakuna aliyeifungua. Nenda, saini, kaa, kisha andika malalamiko yako ukiwa umekaa. Isipokuwa kama kwenda kunahatarisha uhai wako. Hilo ni jambo jingine, nalo huandikwa siku ileile.

*Mama Utumishi, nina tatizo la mgongo. Niliomba kusamehewa agizo nikaambatanisha barua ya daktari, wamekataa. Daktari ameandika wazi kwamba naumwa. Wanataka nini tena? — Mgongo*

Pole sana mdogo wangu. Nakala uliyonitumia nimeisoma, na umefanya vizuri kufuta majina. Ina jina la ugonjwa, majina ya dawa mbili, na maneno "apewe msaada unaostahili". Sasa jiweke kwenye kiti cha afisa anayeipokea. Yeye si tabibu. Haimsaidii kujua diski ipi ya uti wa mgongo imetoka. Anachotakiwa kuamua ni kama utaweza au hutaweza kufanya kazi fulani mahali fulani, na barua hiyo haimwambii.

Rudi kwa daktari. Mwombe aandike unaweza kukaa kwa muda gani kabla ya kulazimika kusimama au kulala, safari ya muda gani inakuumiza, hali hiyo inategemewa kuendelea hadi lini, na kwa nini kufanyia kazi nyumbani kunaondoa tatizo. Jina la ugonjwa hata likifupishwa si neno. Wewe upande wako chukua orodha ya majukumu yako, ile iliyoambatana na barua ya ajira, uoneshe lipi na lipi lilikuwa likifanyika nyumbani bila kasoro. Hizo karatasi mbili zikikaa pamoja, afisa ana kitu cha kusaini.

Halafu tazama umegonga mlango upi. Msamaha wa agizo ni hisani ya mkuu wa taasisi: anampa huyu, anamnyima yule, na mara nyingi hana wa kumjibu. Kurekebishiwa mazingira ya kazi kwa sababu ya ulemavu au hali ya kiafya ni haki ya kisheria katika nchi nyingi. Kwa watumishi wa serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, msingi wake ni sheria ya mwaka 1973, na agizo la rais haliifuti. Maelekezo ya kutekeleza agizo lile yaliwataja wenye ulemavu na wenye hali za kiafya zinazostahili, na baadaye wenzi wa wanajeshi nao wakatajwa. Wewe uliomba hisani. Omba tena, safari hii kwa mlango wa pili. Ila ujue kwamba mwajiri ana ruhusa ya kukupa kitu kingine kinachofanya kazi, mathalani meza ya kupanda na kushuka au saa za kufika zilizosogezwa. Kama kweli kitafanya kazi, chukua. Kama hakitafanya, daktari ndiye aseme, siyo wewe.

*Habari za kazi dada. Mimi ni mkuu wa kitengo. Nimepokea waraka: watumishi wote ofisini, siku tano. Nina watu wengi kuliko meza, maana wakati wa mseto, yaani siku kadhaa ofisini na kadhaa nyumbani, ghorofa yetu moja walipewa wengine. Na vijana wananiuliza, "Tunarudi kufanya nini?" Naogopa kikao cha Jumatatu. — Mkuu Asiye na Viti*

Kaka yangu, barua yako ndiyo iliyonipendeza kuliko zote, kwa sababu umekiri kuwa huna jibu. Wenzako wengi wangeingia kikaoni na kuhutubia juu ya uzalendo.

Tuanze na usichotakiwa kufanya. Mwaka 2022 waziri mmoja wa Uingereza, Jacob Rees-Mogg, alipita kwenye ofisi za watumishi akaacha vikaratasi vilivyochapwa juu ya meza tupu: samahani hukuwapo nilipokutembelea, natarajia kukuona ofisini karibuni sana. Ilikuwa kichekesho cha wiki nzima magazetini. Fikiria tu, vikaratasi vile vilisomwa na nani? Na wale waliofika ofisini. Kejeli ya mkubwa humwangukia aliyetii.

Usiwaambie pia kwamba serikali nzima ilikuwa imelala nyumbani, maana watakuja na takwimu. Kweli, mwaka 2023 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitazama makao makuu ya idara 24 ikakuta 17 kati yake yanatumia takriban robo tu ya uwezo wa majengo au chini ya hapo. Hoja hiyo ni nzito, mimi mwenyewe siipuuzi. Jengo linalipiwa ulinzi na umeme, watu hawamo. Lakini Agosti 2024 ofisi ya bajeti ya serikali hiyohiyo ilitoa hesabu kwamba asilimia 54 ya watumishi wa kiraia, ambao kwa jumla walikuwa kama milioni 2.28, walikuwa kazini ana kwa ana muda wote kwa sababu kazi zao hazifanyiki kwingine. Muuguzi wa hospitali ya serikali hakuwahi kufanyia kazi sebuleni. Walioajiriwa kwa kazi za mbali kabisa walikuwa kama asilimia 10. Agizo lako linamgusa nani hasa katika kitengo chako? Anzia hapo.

Swali la vijana ni zuri, na halijibiwi kwa mkumbo. Kuna tafiti mbili huwa napenda kuziweka pamoja kwa sababu zote ni za kazi za serikali, na zinavutana. Moja ilifanyika ofisi ya hataza ya Marekani, inayotoa hati za kulinda uvumbuzi, ambako kuanzia 2012 wakaguzi waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani waliruhusiwa kuishi popote wanapotaka. Kazi yao ikaongezeka kwa asilimia 4.4. Ya pili ni ya polisi wa Greater Manchester, Uingereza. Pale mmoja anapokea simu ya raia, anaandika taarifa kwenye mfumo, mwingine anaisoma na kutuma askari. Watafiti wakaona kwamba hao wawili wakitokea kukaa chumba kimoja, askari wanatumwa mapema zaidi, hasa tukio likiwa la dharura au lenye maelezo ya kukanganya. Mfumo wa kompyuta ni uleule! Ila aliye chumba kimoja anaweza kugeuza kichwa na kuuliza, "Hii nyumba umesema iko upande upi?"

Mkaguzi wa hataza ana faili lake, anaanza mwenyewe, anamaliza mwenyewe, na mwisho wa mwezi unahesabu. Mgawa askari kazi yake inaanzia mdomoni kwa mwenzake. Kaa jioni moja na orodha ya kazi za kitengo chako, siyo orodha ya watu, uzigawe kwa mtindo huo. Jumatatu utaweza kusema: ukaguzi wa mikataba tunaufanya pamoja mezani, kumfundisha mtumishi mpya tunafanya pamoja, malalamiko ya wananchi yanayokuja kwa miguu lazima pawe na mtu. Na kwa yale ambayo huoni sababu, sema ukweli: "Hili tunafanyia hapa kwa sababu ndiyo amri." Watu wazima wanavumilia amri kuliko wanavyovumilia sababu ya kubuni.

Kuhusu viti, usijifanye mjanja wa kuwabana. Niliwahi kuona watumishi wamekaa kwenye ngazi, kompyuta mpakato magotini, vipokea sauti masikioni, wako kwenye mkutano wa mtandaoni na mwenzao aliye ghorofa ya pili ya jengo hilohilo. Chumba cha mikutano kilikuwa kimegeuzwa ofisi. Andika dokezo kwa mkuu wako kabla ya tarehe ya utekelezaji: watumishi kadhaa, meza kadhaa, upungufu kadhaa, naomba maelekezo, na wakati nasubiri napendekeza zamu hizi. Ambatanisha zamu. Dokezo likishapata namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake ndani ya jalada, upungufu wa viti siyo dhambi yako tena. Likikaa kichwani mwako tu, siku mtu akianguka kwenye ile ngazi ni wewe utakayeandikiwa kutoa maelezo.

*Chama chetu kilikuwa na makubaliano na mwajiri kuhusu kufanyia kazi nyumbani. Sasa tunaambiwa hayana nguvu. Yanawezaje kukosa nguvu wakati yamesainiwa? — Mwanachama Hai*

Yamesainiwa wapi, ndani ya mkataba au pembeni? Uliza hilo kwanza. Kanada mwaka 2023 watumishi zaidi ya 155,000 waligoma, na kufanyia kazi mbali na ofisi ilikuwa moja ya hoja kubwa. Walichopata juu ya hoja hiyo ni barua ya makubaliano nje ya mkataba wa pamoja: kila ombi litatazamwa peke yake, jibu litolewe kwa maandishi. Kilikuwa kitu, usikidharau. Lakini hakikumfunga mikono mwajiri juu ya idadi ya siku, na tarehe 9 Septemba 2024 agizo la siku tatu kwa wiki lilianza kutumika.

Hata kilichosainiwa vizuri kinaweza kupingwa na serikali mpya. Mwishoni mwa 2024 shirika la hifadhi ya jamii la Marekani na chama chake walikubaliana viwango vya kufanyia kazi nyumbani vibaki hadi 2029. Februari 2025 ofisi ya utumishi ya serikali kuu ikatoa maelekezo kwamba vipengele vya namna hiyo haviwezi kumzuia mkuu wa taasisi. Chama kikifika hapo kinahitaji wakili, siyo mkutano wa hadhara.

Ninachoona vyama vinapata mara kwa mara ni muda. Gavana wa California aliamuru watumishi wa jimbo warudi siku nne kwa wiki kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Vyama vikakaa mezani, vikalegeza upande wa mishahara kwa sababu jimbo lilikuwa na pengo la bajeti, na agizo likasogezwa mwaka mzima, hadi 1 Julai 2026. Waulize viongozi wenu wana nini cha kulegeza. Kama hawana, basi wasiwaahidi ushindi.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mgeni kazini, niliajiriwa wakati kitengo chote kiko nyumbani. Wenzangu nawajua kwa picha. Agizo lilipotoka nikaandika "Alhamdulillah, hatimaye!" kwenye kundi letu la WhatsApp. Tangu hapo hakuna anayenijibu, hata nikiuliza jambo la kazi. Nimekosea kufurahi? — Mgeni*

Marahaba mwanangu, hujakosea kufurahi, umekosea kundi. Mle ndani kuna mtu ambaye asubuhi hiyo alikuwa akitafuta wa kumwangalizia mzazi mgonjwa, akaona furaha yako inaingia na kengele yake.

Usiombe radhi kundini, utaifufua mada. Mtafute mmoja mmoja wale unaowahitaji kikazi, uulize jambo la kazi, moja kwa moja. Watajibu, maana wamechoka na agizo, hawajachoka na wewe.

Haja yako ni ya kweli, wala usiione haya. Aliye na miaka kazini anajua nani wa kumpigia na waraka upi ulifutwa kimyakimya. Wewe hujui, na hayo hayaandikwi popote. Kwa hiyo siku za kwanza ofisini usizimalizie kwenye kiti chako. Chagua mzee mmoja wa kitengo ambaye madokezo yake yanapita kwa mkubwa bila kurudishwa, ujue anafika siku zipi, uombe meza ya jirani naye. Mwambie akuoneshe jalada moja lililokwama, folio ya kwanza hadi ya mwisho, na mahali hasa lilipokwamia. Akikuambia hana muda, mwambie utasubiri hadi saa ya kutoka, kisha usubiri.